Dawa ya Deni la Élysée ni Kulipa

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, jijini Paris, ipo nyumba yenye mlango mzuri kupita kiasi. Askari wa heshima wanalinda lango lake. Bendera ya rangi tatu inapepea juu ya paa lake. Ndani yake, vyumba vipatavyo 365 vimepambwa kwa vioo, mazulia na nakshi za dhahabu. Hiyo ndiyo Élysée, Ikulu ya Ufaransa, makao rasmi ya marais wa nchi hiyo tangu mwaka 1879. Kwa zaidi ya miaka 60 sasa viongozi wa Afrika wamevuka ua wake, wakapanda ngazi zake, wakapigwa picha wakipeana mikono na mwenyeji wao, kisha wakaingia. Picha zinaonyesha ngazi. Hazionyeshi msingi.

Historia ya jumba hilo imesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa na watu wanaopenda habari za hawara za wafalme, karamu za usiku na samani za thamani. Ni simulizi tamu, na haina madhara kwa wenye nyumba. Habari ya fedha iliyonunua mawe yale hupitwa haraka, kama msafiri anavyopita makaburini usiku. Lakini kwa Mwafrika habari ya fedha ndiyo habari yenyewe, kwa kuwa sehemu ya fedha hiyo ilitoka mgongoni mwa mababu zake.

MAHARI YA DAMU

Kiwanja cha jumba hilo kilinunuliwa mwaka 1718 na kabaila mmoja, Henri-Louis de La Tour d'Auvergne, aliyejulikana kwa cheo cha Comte d'Évreux. Msanifu wake alikuwa Armand-Claude Mollet, na kazi ya ujenzi ilikamilika mwaka 1722. Kabaila huyo alikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Ukoo wake ulihesabiwa miongoni mwa koo tukufu za Ufaransa, ila utukufu haununui chokaa wala marumaru. Basi alipataje fedha?

Alizipata kwa ndoa. Mwaka 1707 alimwoa Marie-Anne Crozat, binti mdogo ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 15. Kwa desturi ya mabwanyenye wa Ulaya wa zama zile, aliyetoa mali alikuwa baba wa bibi harusi, na baba huyu alikuwa Antoine Crozat, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Ufaransa. Mfanyabiashara alitaka heshima ya ukoo, kabaila akataka fedha. Binti akawa kifungashio cha biashara yao. Inasimuliwa kwamba katika familia ya bwana harusi binti yule alitaniwa kwa jina la kipande kidogo cha dhahabu. Mzaha huo ulisema kweli kuliko waliouzungumza walivyodhani.

Antoine Crozat alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Guinea. Mwaka 1701 taji la Hispania liliipa kampuni hiyo haki ya kupeleka watumwa wa Kiafrika katika makoloni yake ya Amerika. Mkataba ulitaja hesabu ya watumwa 4,800 kila mwaka kwa miaka 10. Tena hawakuhesabiwa kama watu. Kipimo cha mkataba kiliitwa kipande cha India: kijana mwenye afya timamu alikuwa kipande kimoja, mzee, mgonjwa na mtoto waliandikwa kama sehemu ya kipande. Mama aliyetekwa pamoja na mwanawe aliingia katika daftari la wafanyabiashara hao kama kipande kimoja na kitu juu. Mwaka 1712 mfalme Louis wa 14 akamwongezea Crozat ukiritimba wa biashara yote ya Louisiana, pamoja na ruhusa ya kupeleka merikebu moja kila mwaka katika pwani ya Guinea kuchukua watumwa.

Watetezi watasema kwamba Crozat alikuwa na shughuli nyingine pia: alikusanya kodi za mfalme, alikopesha serikali, aliuza bidhaa za namna nyingi. Ni kweli. Lakini mwenye kuchanganya maji safi na maji ya mtaro katika pipa moja hawezi kumwambia mnywaji kwamba atapata kikombe cha maji safi peke yake. Mali ile ilikuwa pipa moja, na kutoka katika pipa hilo zilichotwa fedha zilizojenga nyumba ya mkwewe. Huo ndio msingi ambao Jamhuri ya Ufaransa imeuweka juu yake kiti cha mkuu wake.

WENYE NYUMBA WANAPOKEZANA

Baada ya kifo cha kabaila huyo, mwaka 1753 jumba lilinunuliwa na Madame de Pompadour, hawara wa mfalme Louis wa 15. Alipofariki mwaka 1764 alimwachia mfalme. Mwaka 1773 likachukuliwa na Nicolas Beaujon, mzaliwa wa Bordeaux aliyekuwa mwenye benki wa ikulu ya mfalme. Bordeaux, inafaa kukumbukwa, ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za Ufaransa zilizonenepa kwa sukari ya visiwani na kwa biashara ya watumwa walioilima sukari hiyo.

Hapa historia ya jumba la Paris inakutana na historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776, wakati Beaujon anaishi humo katika fahari, Mfaransa aliyeitwa Morice alifika Kilwa na kufanya mkataba na sultani wa mji huo. Sultani alikubali kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kila mmoja, na kwa kila kichwa sultani mwenyewe apate zawadi ya piasta 2. Watu hao walikuwa wa kupelekwa katika mashamba ya visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Beaujon hakuwa na mkono katika mkataba wa Kilwa, na hakuna haja ya kumsingizia. Lakini mfalme ambaye Beaujon alizitunza fedha zake ndiye aliyetawala visiwa vile, na sheria iliyomfanya mtumwa kuwa samani ya bwana wake ilitoka katika ufalme huo huo tangu mwaka 1685.

Mkataba wa Kilwa una somo la pili, na somo hilo ni chungu zaidi. Una sahihi mbili. Mmoja wa waliotia sahihi alitoka ng'ambo. Wa pili alikuwa mwenye nchi. Piasta 2 kwa kichwa zilitosha kumnunua mwenye nchi. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwa sababu litarudi.

Mapinduzi ya Ufaransa yalikuja, na tarehe 4 Februari 1794 bunge la mapinduzi lilifuta utumwa katika makoloni yote. Lakini Napoleon Bonaparte aliurudisha kwa sheria ya tarehe 20 Mei 1802. Toussaint Louverture, aliyekuwa ameongoza watumwa wa Saint-Domingue kujikomboa, alikamatwa kwa hila mwaka huo huo, akafia katika baridi ya gereza la Fort de Joux mwezi Aprili 1803. Mwaka 1805 jumba la Élysée likanunuliwa na Joachim Murat, shemeji wa Napoleon, na mwaka 1808 likawa la Napoleon mwenyewe. Aliyewarudisha Waafrika minyororoni akalala katika nyumba iliyojengwa kwa faida ya minyororo. Ndani ya nyumba hiyo hiyo, tarehe 22 Juni 1815, siku nne baada ya kushindwa Waterloo, alitia sahihi ya kuachia ufalme.

FIDIA KWA MWENYE MJELEDI

Mwaka 1848 Ufaransa ilipata tena jamhuri, na tarehe 27 Aprili mwaka huo utumwa ukafutwa kwa mara ya pili na ya mwisho. Mwezi Desemba Louis-Napoléon Bonaparte, mpwa wa yule aliyeurudisha utumwa, alichaguliwa kuwa rais, akapewa Élysée kuwa makao yake. Alikuwa rais wa kwanza wa Ufaransa kuishi humo.

Je, ni jambo gani kuhusu watumwa lililofuata chini ya rais huyo? Tarehe 30 Aprili 1849 ilitolewa sheria ya fidia. Mwananchi mwenye akili timamu angetazamia kwamba fidia italipwa kwa aliyepigwa, aliyeuzwa, aliyelima bila ujira tangu utoto hadi uzee. La hasha! Fidia ilikwenda kwa mwenye mjeledi. Serikali ilitenga kiasi cha faranga milioni 126, taslimu na hati za deni la taifa, kuwatuliza mabwana kwa kupotelewa na mali yao. Mtumwa aliyeachiwa huru alitoka shambani mikono mitupu, na wengi wao walilazimika kurudi katika mashamba yale yale kuomba kazi kwa mabwana wale wale.

Huo haukuwa mfano wa kwanza. Mwaka 1825 mfalme Charles wa 10 alikuwa ameitoza Haiti faranga milioni 150 ili akubali uhuru ambao Wahaiti walikwisha kuupata kwa damu yao mwaka 1804. Deni hilo lilipunguzwa mwaka 1838 hadi milioni 90, lakini lililipwa, na vizazi vya Wahaiti vikalipa riba juu ya mikopo ya kulilipia. Basi isidaiwe leo kwamba Ufaransa haijui kupiga hesabu za fidia ya utumwa. Inajua sana. Ilizipiga mara mbili, na mara zote mbili ilikosea anwani ya kupelekea malipo.

Rais yule wa mwaka 1848 hakutosheka na urais. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1851, huku wageni wakiburudika kumbini, yeye na wenzake walikamilisha ndani ya Élysée mpango wa kuivunja jamhuri, na mwaka uliofuata akajifanya mfalme mkuu. Vizazi vingi baadaye nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa zilihubiriwa kuhusu katiba na utawala wa sheria kutoka katika jumba hilo hilo.

JUMBA LA PARIS NA JUMBA LA ABOMEY

Sheria ya mwaka 1879 iliifanya Élysée kuwa makao rasmi ya rais. Miaka iliyofuata ndiyo miaka ya mabeberu kugawana Afrika kama nyama ya mnada. Ngazidja, Nzwani na Mwali ziliwekwa chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1886. Madagaska ilitwaliwa kuwa koloni mwaka 1896, na malkia wake Ranavalona wa Tatu akahamishwa mwaka 1897. Na mwaka 1892, Sadi Carnot akiwa rais, jeshi la Ufaransa likiongozwa na Dodds liliingia Abomey, makao ya wafalme wa Dahomey.

Mfalme Béhanzin aliamuru majumba yake yatiwe moto kuliko kumwachia adui. Hata hivyo viti vya enzi, milango iliyochongwa na sanamu za wafalme zilitwaliwa, zikapelekwa Paris, zikawekwa katika makumbusho. Béhanzin alihamishiwa Martinique, akafa Algiers mwaka 1906 bila kuiona tena nchi yake. Ikulu moja ilinyang'anywa vyombo vyake kwa amri ya serikali yenye ikulu nyingine, na walionyang'anya wakakiita kitendo hicho ustaarabu. Ilipita karibu miaka 130. Tarehe 9 Novemba 2021 hati ya kurudisha vitu 26 ilitiwa sahihi Paris, ndani ya Élysée, na vitu hivyo vikapelekwa Benin. Jambo jema ni jema, na halina budi kusifiwa. Lakini mwizi anayerudisha vijiko hajamaliza kesi ya ng'ombe.

Haki inadai pia isemwe kwamba wafalme wa Dahomey nao walikuwa wametajirika kwa kuwauza Waafrika wenzao. Kuta za Abomey nazo zina kilio chake. Ukweli huo hauwapunguzii mabeberu dhambi hata chembe. Unaonyesha tu kwamba biashara ile ilikuwa na milango miwili, na mlango wa pili ulifunguliwa kutoka ndani.

OFISI ISIYOULIZWA

Uhuru wa bendera ulipofika mwaka 1960, wengi walitumaini kwamba mambo ya Afrika yangetoka mikononi mwa Paris. Yalichofanya ni kuhama ofisi. Jenerali de Gaulle, aliyeingia Élysée Januari 1959, alimpa Jacques Foccart kazi ya katibu mkuu wa mambo ya Afrika na Madagaska, naye Foccart akaishika kutoka mwaka 1960 hadi 1974. Ofisi hiyo ilikuwa chini ya rais mwenyewe. Bunge halikuwa na nafasi ya kuihoji kama linavyomhoji waziri. Nchi zaidi ya kumi zilizokuwa na viti Umoja wa Mataifa zikawa zinashughulikiwa kama shamba la nyuma ya nyumba.

Matunda yake yanajulikana. Mwezi Februari 1964 wanajeshi wa Gabon walimwondoa Rais Léon Mba. Baada ya saa chache askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka Libreville na kumrudisha kitini. Hapakuwa na kura ya bunge la Ufaransa, wala wananchi wa Gabon hawakuulizwa. Tarehe 4 Desemba 1977 Jean-Bédel Bokassa alijivika taji la ufalme mkuu huko Bangui kwa fahari iliyoigwa kwa Napoleon, na msaada wa Ufaransa ukiwa nyuma yake, huku watu wa Afrika ya Kati wakikosa dawa na shule. Alipogeuka aibu, askari wa Ufaransa walimwondoa Septemba 1979. Mwezi uliofuata gazeti la Le Canard enchaîné lilifichua kuwa Rais Giscard d'Estaing alikuwa amepokea almasi kutoka kwa Bokassa mwaka 1973, alipokuwa waziri wa fedha. Kashfa hiyo ilimwandama hadi uchaguzi wa mwaka 1981, aliposhindwa. Almasi ilichimbwa na mnyonge wa Afrika ya Kati, ikatolewa na dikteta wake, ikapokewa na mtu ambaye mwaka mmoja baadaye aliingia Élysée. Yafaa kuuliza: hiyo inatofautianaje na piasta 2 za Kilwa?

Ndugu wa Komoro, ambao lugha yao na Kiswahili ni watoto wa mama mmoja, wana yao ya kusema. Katika kura ya Desemba 1974 wananchi wa visiwa vyote vinne, kwa jumla, walichagua uhuru kwa wingi mkubwa mno. Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa, ikabaki na Mayotte. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwezi Novemba 1975 kama nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ikaendelea kushikilia kimoja, na mwaka 2011 ikakifanya kuwa jimbo lake kamili. Leo mvuvi wa Nzwani anayevuka bahari kwenda kumwona ndugu yake Mayotte huitwa mhamiaji haramu, na wengi wamezama katika mkondo huo.

Kisha ikaja Rwanda. Kuanzia Oktoba 1990 askari wa Ufaransa walikuwapo nchini humo kuisaidia serikali ya Juvénal Habyarimana, na mwaka 1994 Watusi zaidi ya laki nane waliuawa katika mauaji ya kimbari. Tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert, iliyoundwa na Rais wa Ufaransa mwenyewe, ilitoa ripoti yake Machi 2021. Ilisema haikuona ushahidi kwamba Ufaransa ilishirikiana na wauaji katika kusudi la mauaji; ila ilisema Ufaransa inabeba wajibu mzito na wa kulemea. Ikaeleza pia jinsi maofisa wa kijeshi waliomzunguka Rais Mitterrand ndani ya Élysée walivyopitisha mambo kwa njia zisizo za kawaida, wakiziruka ofisi zilizopaswa kuulizwa. Hayo hayakuandikwa na wapinzani wa Ufaransa. Yameandikwa na wanazuoni wake, baada ya kufunguliwa makabati yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika karne ya 18 nyumba ile ilijengwa kwa fedha ambayo mwenye nyumba hakuulizwa imetoka wapi. Katika karne ya 20 nyumba ile iliendesha mambo ya Afrika kwa mamlaka ambayo mwenye nyumba hakuulizwa ameyatumiaje. Kwa muda wote huo lililokosekana ni hesabu.

MAJIBU KWA WATETEZI

Wapo watakaosema kwamba mawe hayana dhambi, na kwamba kila jumba kongwe duniani limejengwa kwa jasho la wanyonge. Watauliza pia kama Ikulu ya Dar es Salaam haikujengwa na Wajerumani, ikapigwa mizinga ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikajengwa upya na Waingereza hao hao. Watauliza pia kuhusu majumba ya masultani wa Unguja, waliokuwa na watumwa wao wa Kiafrika.

Ni maswali ya haki, na jibu lake si gumu. Hakuna anayetaka Élysée ibomolewe. Nyumba ya mkoloni inaweza kuwa nyumba ya umma iwapo walionyonywa wataingia na kuwa wenyewe, na historia yake ikafundishwa bila kupakwa rangi. Katika Afrika Mashariki wageni waliondoka na majengo yakabaki kwa wananchi. Katika Paris mnyonyaji hakuondoka. Ni mrithi wake anayeishi humo. Mrithi hurithi nyumba pamoja na madeni ya nyumba.

Wengine watasema kwamba mambo yamebadilika. Sheria ya tarehe 21 Mei 2001 iliitambua biashara ya watumwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2008 yanaitaka serikali kulijulisha bunge katika siku tatu inapopeleka majeshi nje, na kuomba kibali ikiwa kazi hiyo inapita miezi minne. Rais Macron alikwenda Kigali Mei 2021 na kukiri wajibu wa nchi yake. Aprili 2025 alitangaza tume ya pamoja na Haiti kuchunguza lile deni la mwaka 1825. Yote hayo yapo, na yalipatikana kwa sababu watu walidai. Lakini siku tatu zatosha kupindua serikali, na miezi minne yatosha kuimarisha nyingine. Tume huchunguza, kuchunguza si kulipa.

Nao wananchi wa Afrika Magharibi hawakungoja tume. Askari wa Ufaransa waliondoka Mali mwaka 2022, Burkina Faso na Niger mwaka 2023, Chad na Senegali mwaka 2025. Si kila aliyewafukuza ni mkombozi. Baadhi yao ni wanajeshi walioshika madaraka kwa bunduki, na bunduki haigeuki kuwa haki kwa sababu tu imemtisha Mfaransa. Ila hasira iliyowapa nguvu ilikuwa ya kweli, na ilipandwa Paris.

YANAYOTAKIWA

Yanayotakiwa ni mambo matatu, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wa Jamhuri ya Ufaransa wala wa Afrika.

La kwanza ni ukweli katika jumba lenyewe. Kila mwaka mwezi Septemba, katika siku za urithi wa taifa, milango ya Élysée hufunguliwa kwa umma, na raia hupanga mistari mirefu waione dhahabu. Jina la Antoine Crozat na hesabu ya vipande 4,800 kwa mwaka viandikwe mahali ambapo kila mgeni atapita, kwa herufi kubwa kama za jina la Pompadour. Nchi iliyotambua uhalifu huo kwa sheria haina sababu ya kuona haya kuutaja sebuleni kwake.

La pili ni hesabu. Haiti irudishiwe kilichochukuliwa kwa vitisho vya mizinga. Nyaraka za ofisi za Afrika za marais wote zifunguliwe kama zilivyofunguliwa za Rwanda, ili Gabon, Komoro na Afrika ya Kati nazo zisome habari zao. Na mambo ya nchi huru yatoke katika chumba cha nyuma cha mtu mmoja, yaende mahali yanapoweza kuulizwa na kujibiwa mchana.

La tatu linawahusu Waafrika wenyewe, na bila hilo mawili ya kwanza ni kelele tu. Mlango wa Élysée haukuwahi kuwa na nguvu peke yake. Daima ulihitaji mtu wa upande wa pili: sultani wa piasta 2, mfalme mwenye watumwa wa kuuza, dikteta mwenye almasi za kutoa. Kiongozi wa Afrika anayekwenda Paris kujadili mkataba wa madini, bandari au kambi ya kijeshi arudi nao bungeni kwake, usomwe, upigiwe kura, uchapishwe. Asiyethubutu kuwaonyesha wananchi karatasi aliyotia sahihi ng'ambo, basi karatasi hiyo ni ndugu ya ile ya Kilwa, hata ikiwa imepigwa chapa na mihuri ya kisasa.

Miaka zaidi ya 300 imepita tangu Comte d'Évreux aingie katika nyumba yake mpya. Waliokufa katika merikebu za mkwewe hawana makaburi wala majina. Hawawezi kudai. Wanaoweza kudai ni walio hai, na wanaopaswa kulipa wanaishi katika anwani inayojulikana. Deni halizeeki kwa kunyamaziwa, na dawa ya deni ni kulipa.